Nilivyobaini kilichokuwa kikibana figo yangu

Kwa miaka minne nilimeza dawa za vidonda vya tumbo ambavyo sikuwa navyo. Maumivu yalinikamata ubavu wa kushoto, nikatapika, kisha baada ya saa chache yakaondoka yenyewe. Nikienda kupigwa ultrasaundi siku mbili baadaye, jibu ni lile lile: figo ziko sawa. Hata nyumbani nikaanza kuonekana mzushi.

Kilichoniokoa ni daftari. Niliandika kila nilichokula na kunywa, nikagundua kwamba maumivu hayafuati chakula, yanafuata maji. Siku niliyokunywa maji mengi kwa mkupuo, haikupita muda ubavu ukawaka. Daktari wa njia ya mkojo alilisoma akaniambia, "Usije tena ukiwa mzima. Njoo ukiwa unaumwa." Shambulio lililofuata nilikwenda nimejikunja kama kamba, na safari hii picha ikaonyesha figo ya kushoto imevimba, imejaa mkojo uliokosa pa kutokea.

Sitiskani, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa mionzi, niliyochomwa nayo dawa ya kuonyesha mishipa, ikamaliza ubishi. Figo ile ilikuwa na ateri, yaani mishipa ya kuipelekea damu, mbili badala ya moja. Si ajabu kubwa. Takriban mtu mmoja kati ya wanne ana ateri ya ziada ya figo. Mtoto akiwa tumboni, figo zake huanzia chini, kwenye nyonga, zikapanda juu huku zikipata mishipa mipya na kuiacha ya zamani. Wangu mmoja haukuachwa. Ungekaa pembeni usingekuwa na neno, ila ulipita mbele ya mrija wa mkojo, pale pale unapotoka figoni. Mkojo ukiwa kidogo ulipenya. Ukizidi, figo ilijaa ikaulalia ule mshipa, mrija ukajikunja.

Nikauliza kwa nini usikatwe tu. Kumbe ateri za figo hazisaidiani: ukikata moja, sehemu inayolishwa nayo inakufa. Basi wakakata mrija, wakauhamishia mbele ya mshipa na kuushona upya. Stenti, kijibomba cha kuuweka mrija wazi, ilikaa ndani wiki 6, na adha yake hakuna aliyenitahadharisha. Kila nikikojoa ubavu ulichoma.

Mshipa bado upo. Nakala ya picha naitunza, maana yeyote atakayenipasua upande huo lazima ajue ulipo. Maji nakunywa. Glasi ya kwanza kubwa niliinywa nimeshika ubavu.