Mkono wa kushoto weka mfukoni

Kaka anayetupigia besi kwenye kwaya si mtu wa maneno mengi. Alhamisi moja, katikati ya mazoezi, alisimamisha wimbo, akanigeukia: "Dogo, huo mkono wa kushoto weka mfukoni. Unanikanyaga." Kwaya nzima ikacheka. Nilinuna wiki nzima. Kinanda nilijifunzia nyumbani peke yangu, na ukijifunza peke yako unakuwa wewe ndiye besi, wewe ndiye ngoma, wewe ndiye kila kitu.

Nilipokuja kunogewa na jazi ndipo nikaona ugomvi wetu ni wa kale mno.

Harlem, New York, miaka ya 1920. Kodi ya nyumba ilikuwa mzigo kwa Wamarekani weusi waliojazana kule, basi mwisho wa mwezi mpangaji anasogeza viti ukutani, anapika, anaweka kiingilio mlangoni na kumwita mpiga piano. Piano moja, bendi nzima. (Sauti kadhaa zikibonyezwa pamoja sisi tunaziita kodi vilevile, kwa hiyo kodi zilikuwa zinalipa kodi.) Bila besi wala dramu, aliyewachezesha watu ni mkono wa kushoto. Kidole cha mwisho kinagonga noti nzito huko chini, mkono unaruka kukamata kodi katikati ya piano, unarudi chini, unaruka tena. Besi, kodi, besi, kodi, mpaka jasho. Jaribu bila kutazama. Wangu kila nikiruka unatua kwa jirani.

Bingwa wao alikuwa James P. Johnson, na mtihani wao ulikuwa wimbo wake "Carolina Shout", aliourekodi mwaka 1921. Kijana Duke Ellington, aliyekuja kuwa kiongozi mashuhuri wa bendi, aliujifunza huko Washington kwa piano inayojipiga yenyewe, zile zilizoendeshwa na karatasi yenye matundu: aliipunguza kasi, vitufe vikishuka anafuatisha kwa vidole vyake. Nilipolisoma hilo nilifarijika sana, mimi ninayejifunza kwa video za YouTube nilizozipunguza hadi nusu ya kasi.

Lakini mpiga piano wangu ni Count Basie. Huyu naye alipikwa Harlem. Fats Waller mwenyewe, mwanafunzi wa Johnson, ndiye aliyemfundisha kinanda cha ogani cha ukumbi wa Lincoln. Mkono wa kushoto alikuwa nao, tena wa kutosha. Akaenda Kansas City, akaunda bendi, akajikuta na Walter Page kwenye besi, anayetembea, yaani noti moja kila pigo, mapigo manne bila kukosa, Jo Jones kwenye dramu, na kuanzia 1937 Freddie Green kwenye gitaa. Sasa besi ipo, kodi zipo, mapigo yapo. Piano ifanye nini?

Sikiliza "Lester Leaps In" ya mwaka 1939. Basie anadondosha noti mbili tatu huku juu, ananyamaza, Page anaendelea kutembea, kisha tone jingine pale pale ulipoanza kudhani amesahau. Mara ya kwanza nilidhani spika yangu imekatika. Ule ukimya ndio ulionifundisha kazi, kuliko mbio za vidole za mtu yeyote.

Wapiga piano waliofuata, akina Bud Powell, wakaufanya mkono wa kushoto wa kurushia kodi fupifupi, kama mtu anayeitikia hadithi. Art Tatum, mpiga piano aliyekuwa karibu kipofu, yeye hakuuweka mfukoni kwa ajili ya yeyote. Labda ndiyo maana namfurahia zaidi akiwa peke yake.

Siku hizi Alhamisi nawahi kanisani. Nawasha kinanda, natafuta sauti ya piano, naruka na mkono wa kushoto nitakavyo mpaka nisikie pikipiki ya kaka ikizimwa nje. Hapo nauweka pajani.