Mustafa anaoza stoo Ngamiani

Jumapili nilikuwa Ngamiani kwa ba'mdogo tunatoa makorokoro stoo, si tukaikuta ile mashine ya gemu aliyokuwa ameiweka dukani enzi zile, ya kutumbukiza sarafu, aisee nikabaki nimesimama tu. Panya wamekula waya, kufungua nyuma bodi, ile sahani ya ndani yenye chipu, imeota kutu ya kijani kila mguu wa chipu, mnaijua hewa ya chumvi ya Tanga inavyokula vitu. Ba'mdogo akasema "wape wa vyuma chakavu." Iliniuma.

Gemu lenyewe ni Cadillacs and Dinosaurs la kampuni ya Kijapani Capcom, la 1993, ila sisi tulikuwa tunaliita Mustafa, kwa ajili ya yule jamaa wa kofia ya njano anayekimbia kuliko wenzake, wote tulikuwa tunamgombania yeye, ukichelewa unapewa Hannah na unanuna.

Usiku nikalicheza kwenye laptopu kwa MAME, ile imuleta, yaani programu ya kuigiza mashine, aliyoianzisha Mtaliano Nicola Salmoria mwaka 1997, inaigiza bodi nzima mpaka gemu linadhani liko kwenye mashine yake. MAME yenyewe ni halali. Kesi iko kwenye romu, yaani yale yaliyomo ndani ya chipu, hayo yana mwenyewe, na mimi niliyadanlodi bila kumuuliza mtu.

Ila jamani ningenunua wapi? Halijarudishwa sokoni mpaka leo, limetokana na katuni za Mmarekani Mark Schultz kwa hiyo Capcom peke yao hawawezi kuamua, na Marekani kazi ya kampuni inalindwa miaka 95 toka itoke, piga hesabu, ni 2088, bodi gani itafika huko kwa hewa hii? Na wala si hili tu, 2023 Video Game History Foundation, shirika la Marekani la kuhifadhi historia ya magemu, walichunguza wakakuta asilimia 87 ya magemu ya zamani yaliyotoka Marekani kabla ya 2010 hayapo sokoni.

Wanaojaza maelfu ya romu kwenye flashi wakauza siwatetei, wanakula jasho la watu. Lakini kunakili chipu inayokufa ni kitu kingine kabisa, na mwenye haki kama hauzi basi aruhusu hata maktaba zihifadhi, watu waende wakacheze.

Bodi nimeichukua. Kuna mwenzangu Chumbageni ana mashine ya kusomea chipu, wiki hii tunazisafisha kwa spiriti tuone zipi bado zinasoma. Wenye bodi kama hizi Muheza, Pangani, popote, msiwape watu wa vyuma chakavu kwanza, nitafuteni.