Dakika Tano za Chuma, Dakika Tano za Mkeka

Kocha wetu alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuamini kitu ambacho hakijapimwa kwa saa. Ukimwambia umechoka, anageukia ukutani ilikotundikwa saa ya raundi, ile ya tarakimu nyekundu, halafu anakuuliza umechoka dakika ya ngapi. Ukijisifu una pumzi, swali ni lilelile. Kwa hiyo jioni ile alipokuja katikati ya mkeka akasema leo hakuna kuruka kamba wala kurusha ngumi za hewani, kila mtu akachukue ketibeli, lile tufe la chuma lenye mpini, tulijua kuna jambo linapikwa.

Jimu yetu ilikuwa na kambi mbili, ingawa hakuna aliyewahi kutamka hivyo. Kulikuwa na watu wa mapigano, waliotoka kwenye judo, masumbwi, karate na mieleka, wakakutana pale kujifunza MMA, mchezo unaochanganya mitindo yote hiyo ya kupigana. Na kulikuwa na sisi watu wa chuma, tulioingia kutafuta afya, tukavutwa na vishindo vya upande wa pili wa ukumbi mpaka tukajikuta tumevua viatu na sisi tumo mkekani. Watu wa mapigano walituheshimu kiasi, kwa maana kwamba walituitikia salamu. Ketibeli zenyewe walizidharau waziwazi. Kwao zilikuwa silaha za watu wanaopigana na vitambi.

Aliyezidharau kuliko wote alikuwa dada mmoja aliyekuja na mkanda mweusi wa judo. Mshiko wake ulikuwa gumzo. Judo inachezwa kwa vazi nene, na nusu ya mchezo ni nani kaukamata ukosi na mkono wa nguo ya mwenzake, na nani kanyimwa. Miaka ya kung'ang'ania kitambaa ilikuwa imempa vidole ambavyo vikikukamata kifundo cha mkono unasahau mpango wako wote. Shujaa wake alikuwa Ronda Rousey, mwanajudo mwenzake aliyepata medali ya shaba katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, kisha akawa bingwa wa kwanza wa kike wa UFC, shirika linaloandaa mapambano ya MMA. Pambano la kwanza la wanawake katika UFC, la Februari 2013, alilisimulia utadhani ndiye aliyekaa kwenye kona: jinsi mpinzani wake, Liz Carmouche, alivyompanda Rousey mgongoni akamkaba, jinsi Rousey alivyomchomoa, na jinsi alivyommaliza kwa kuunyoosha mkono wake kinyume na kiwiko zikiwa zimebaki sekunde 11 tu raundi ya kwanza iishe.

"Sasa hapo chuma kiko wapi?" ndivyo alivyomalizia kila mara. "Hapo ni judo tupu."

Kocha hakuwahi kumjibu. Jioni ile, nadhani, ndiyo aliyokuwa ameichagua kumjibu.

"Raundi ya MMA ni dakika 5," alisema, "na katikati mna dakika 1 ya kuvuta pumzi. Sheria ndizo hizo, sikuzitunga mimi. Nyie mnapigana dakika 2, mnaomba maji."

Raundi ya kwanza ingekuwa ya ketibeli: kuinyakua kutoka katikati ya miguu mpaka juu ya kichwa kwa mkono mmoja, wanaume kilo 24, wanawake kilo 16, lengo mara 100. Kisha dakika 1. Kisha dakika 5 za mkekani na mtu wa uzito wako, mieleka na kabali tu, bila ngumi. Sisi wa chuma tulikifahamu kipimo hicho cha 100 kwa dakika 5. Wanaofundisha ketibeli wanakitumia sana. Ukikigawanya unapata mnyakuo mmoja kila sekunde 3, na ukiliweka chuma chini, saa haikusubiri.

Mwanajudo na mimi tulikaribiana kwa uzito. Alinitazama, akanyoosha shingo huku na huku.

"Dada, usije ukaniumiza," nilimwambia.

"Wewe si ndiye mwenye machuma? Tutaona."

Ketibeli zetu zilikuwa za mtindo wa mashindano, ambazo kila uzito una rangi yake: ya 16 manjano, ya 24 kijani, ya 32 nyekundu. Ukubwa ni mmoja kwa zote, kwa hiyo ukizitazama kwa mbali rangi ndiyo inayokuokoa. Kocha alipenda kutukumbusha kwamba Warusi, wanaoziita girya, walianza nazo zikiwa mawe ya mizani ya kupimia nafaka, na kipimo chao kilikuwa pudi, kilo 16 na ushee. Ndiyo sababu mpaka leo tuna 16, 24 na 32: pudi moja, moja na nusu, mbili. Sikuwahi kuona umuhimu wa habari hiyo mpaka jioni ile nilipokuwa napaka chaki mikononi huku nikiitazama pudi yangu moja ya manjano, nikiwaza kwamba kuna mtu aliyekuwa akiuza ngano kwa kitu hiki na hakuna aliyemlazimisha kukirusha.

Saa ikalia.

Kunyakua ketibeli kunaonekana kazi ya mkono, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Unaliachia tufe lipite katikati ya mapaja, unalipokea kwa nyonga, na nyonga ndizo zinazolirusha. Mkono ni kamba tu. Likifika usawa wa uso unaulegeza mshiko, kiganja kinapenya ndani ya mpini, na tufe linazunguka kifundo na kulala taratibu mgongoni mwa kigasha. Ukilibana badala ya kulilegezea, linapinduka na kukugonga kigasha, na kesho yake unavaa mikono mirefu. Likishafika juu, mkono umenyooka, bega limekaa mahali pake, kunatokea kitambo kidogo ambacho mtu asiyeshika ketibeli hakijui: halina uzito. Lipo juu yako, ni kilo 16 zilezile, lakini misuli haina kazi kubwa. Mfupa umekaa juu ya mfupa kuanzia kiganja hadi kisigino. Pale unapumua. Wale wa mashindano wanaofanya dakika 10 bila kuliweka chini wanaishi kwa vituo hivyo. Anayejua kukaa juu anamaliza. Anayelikimbiza lishuke haraka anaishia njiani, hata awe na mwili wa simba marara.

Nilibadilisha mkono kila nilipofika kumi. Dakika ya tatu nikasikia ngozi chini ya kidole cha pete inaanza kujikunja. Sugu sikuwa nimezikwangua wiki ile, na sugu ndefu ndiyo inayochanika. Nikamsikia mwanajudo kushoto kwangu. Alikuwa mbele yangu kwa hesabu, hilo nilijua kwa sababu alihesabu kwa sauti, na alikuwa ananyakua kwa hasira. Chuma kilimgonga kigasha, pa, akatukana kidogo, kikamgonga tena. Kila kiliposhuka alikidaka kwa vidole vyote, kidole gumba kikiwa kimefunga juu yake, mshiko wa mtu aliyekamata ukosi na hana nia ya kuuachia. Akafika 100 kabla yangu, akaliangusha kwenye sakafu ya mpira, akanitazama mimi nikimalizia zangu saa ikiwa imebakiza punje.

Niseme hapa kwamba jibu la kocha, kama lingeishia pale, lingekuwa limeshindwa. Mwanajudo asiyefanya mazoezi ya chuma alikuwa amempita mtu wa chuma kwenye mtihani wa chuma.

Dakika ya mapumziko ni fupi kuliko unavyodhani. Nilitembea huku nikipuliza hewa, nikaifunga ngozi iliyochanika kwa plasta, nikaweka kinga ya meno. Yeye alisimama mikono kiunoni. Niliona anafungua na kufumba viganja, mara anavikung'uta, lakini sikulitilia maanani.

Mkekani hakunipa nafasi ya kuwaza. Alinishika nyuma ya shingo na kwenye kiwiko, akageuka, nyonga yake ikaingia chini ya yangu, na dari ikapita mbele ya macho. Nilitua ubavu, hewa yote ikatoka. Kabla sijairudisha alikuwa ameshalala juu yangu kwa kifua, halafu goti likapita tumboni, na akawa amenikalia. Watu wa mapigano wanajua maana ya kukaliwa hivyo: kila kitu kizuri kiko kwake.

Desturi yangu pale ilikuwa kupaparika. Kusukuma kwa mikono miwili, kurusha miguu, kujikunja, mpaka pumzi ikate nikabidhi shingo mwenyewe. Jioni ile sikuwa na cha kupaparikia. Mabega yalikuwa yamekwisha, mapaja yamekwisha. Nikaweka vigasha mbele, viwiko vimebanwa mbavuni, na nikauacha uzito wake ushuke juu ya mifupa ya mikono. Uzito ukashuka, ukakaa. Nilikuwa napumua. Palikuwa ni palepale, kule juu penye mkono ulionyooka, isipokuwa safari hii nilikuwa nimelala chali na chuma kina nywele.

Nilimsikia kocha: "Hivyo hivyo! Usimsukume! Kaa!"

Akaja mbele kidogo kutafuta mkono wangu, nikainua nyonga kwa nguvu, zile nyonga za kunyakulia, akayumba na kupeleka viganja chini. Nikajigeuza kutoroka, na katika kugeuka nikampa mgongo. Basi, akaupanda. Miguu yake ikaingia kwenye mapaja yangu na mkono wa kulia ukapita chini ya kidevu.

Kabali ile ya nyuma, Wajapani wanaiita hadaka-jime, haihitaji kumziba mtu koo. Inabana mishipa ya damu pande zote mbili za shingo, na ikikaa sawasawa mtu anazimika ndani ya sekunde chache, kumi si nyingi. Ili ikae sawasawa, mkono unaokaba unashika msuli wa mkono wa pili, na ule wa pili unaingia nyuma ya kichwa. Ule wa pili ndio nilioung'ang'ania kwa mikono yangu yote miwili. Akauchomoa, nikaukamata tena. Akaona isiwe tabu: akaunganisha kiganja kwa kiganja mbele ya koo langu na kuvuta.

Mshiko wa viganja unategemea vidole na vigasha. Hauna kufuli ile ya msuli. Akavuta. Macho yangu yakaanza kuona nukta, mkono wangu ukawa tayari kugonga mkeka, ishara ya kusalimu amri. Ndipo nikahisi kitu ambacho sijawahi kukihisi kutoka kwa yule dada: vidole vinatetemeka. Kisha vinateleza. Akaviunganisha upya, akavuta, vikateleza tena. Alikuwa mahali ambapo siku yoyote nyingine ningekuwa nimeshagonga na kumwomba radhi, lakini vigasha vyake vilikuwa vimebaki kwenye ile ketibeli ya manjano, kwenye kila mdako wa hasira. Sikujinasua. Wala sikufanya ujanja wowote wa kusimulia. Niliinamisha kidevu, nikakaa, nikapumua kwa pua mpaka saa ikalia.

Hakuna mshindi aliyetangazwa, na kama angetangazwa angekuwa yeye. Alinitupa, akanikalia, akanipanda mgongoni, yote ndani ya raundi moja. Kwa hiyo anayekuambia kwamba ketibeli itakufundisha kupigana, mwulize anaziuza kwa nani. Haifundishi kutupa, haifundishi kukaba, haikuonyeshi ngumi inatoka wapi. Ilinipa kitu kimoja jioni ile, nacho ni kukaa chini ya mzigo bila kuugombeza.

Tuliegemea ukuta. Yeye alichukua chupa yake ya maji, akajaribu kufungua kizibo, vidole vikakataa kufunga. Akajaribu kwa mkono wa pili. Mwishowe akaniletea chupa bila kunitazama, nikamfungulia. Kigasha chake kilikuwa kimevimba mstari mwekundu kuanzia kifundoni. Kocha alipita, akakiona, akaenda zake kuwapanga wengine. Hakusema neno, na mpaka leo naona kunyamaza kule kulikuwa ujuzi mkubwa kuliko zoezi lenyewe.

"Lile dude unalishikaje?" mwanajudo aliniuliza baada ya kunywa.

"Silishiki. Nalikunjia vidole tu, likifika juu nalifungulia."

"Ukilifungulia si litaruka?"

"Halina pa kurukia. Kiganja kimeshaingia."

Akafikiria hilo, akiufungua na kuufumba mkono. Nilitegemea anirudishie ile hadithi ya Rousey. Badala yake akajikongoja mpaka kwenye safu ya ketibeli, akaipita ya manjano, akachukua ya kilo 8 ambayo hata wageni huiona aibu, akarudi nayo.

"Basi nionyeshe," alisema. "Halafu mimi nitakufundisha kuanguka. Maana, mdogo wangu, unaanguka kama gunia."