Inchi tano za wavu katika Ziwa Victoria

Ubishi unaosikika Dunga na fuo nyingine za Kisumu kuhusu ukubwa wa matundu ya nyavu ni mkongwe kuliko taifa la Kenya. Nyavu za makila, yaani zile zinazomnasa samaki kwenye mashavu, zilizofumwa kwa kitani ziliingia katika Ghuba la Winam mwaka 1905, na haikuchukua muda mrefu kabla ngege, samaki aliyependwa kuliko wote, kuanza kuadimika. Serikali za kikoloni zilimwagiza Michael Graham, mtaalamu wa uvuvi kutoka Uingereza, alichunguze ziwa zima mwaka 1927 na 1928, naye akapendekeza tundu la wavu lisipungue inchi tano. Alitahadharisha pia kwamba kumwingiza ziwani samaki mkubwa alaye wenzake, bila utafiti wa kina kutangulia, ni hatari kubwa.

Pendekezo la kwanza likawa sheria, ila ilivunjwa mchana kweupe, na Kenya ikaifuta mwaka 1961. Tahadhari ya pili ilipuuzwa tu: mbuta, yaani sangara, alitiwa ziwani, akawamaliza fulu, samaki wadogo wa asili, wa spishi nyingi, ingawa ni yeye huyo aliyevipa uhai viwanda vya minofu vya hapa kwetu.

Siku hizi watafiti wa Kenya, Uganda na Tanzania, chini ya shirika la uvuvi la ziwa lenye makao Jinja, Uganda, hukadiria wingi wa samaki kwa mawimbi ya sauti yanayopelekwa majini. Kanuni yao ni kwamba mbuta avuliwe akiwa kati ya sentimita 50 na 85, kwa sababu mdogo hajazaa bado na jike kubwa hutaga mayai mengi mno. Kipimo cha chini kinaeleweka na kila mtu. Kile cha juu, kwa maoni yangu, kina kasoro, kwa kuwa mbuta wa mita moja aliyenaswa usiku kucha mara nyingi hutolewa wavuni akiwa mfu, na hakuna mvuvi mwenye watoto shuleni atakayemtupa.

Kufungwa kwa uvuvi wa omena, yaani dagaa, kuanzia Aprili hadi Julai, kunakusudiwa kuwapa omena nafasi ya kuzaana. Akina mama wanaowaanika na kuwauza hawaoni takwimu zake, ilhali wao ndio wanaokaa miezi minne bila mtaji kuzunguka. Ningependa watafiti wazisome takwimu hizo ufuoni kila mwezi Machi, kwa Kiswahili na Kijaluo, mbele ya kamati za ufuo na ya wauzaji hao.