Siku Moja Maishani Mwangu: Kupima Kolesteroli ya Ubongo

Saa 1 asubuhi

Naanzia kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Droo za juu zina vipande vya ubongo wa panya. Za chini zina vipande vya ubongo wa watu walioridhia, wakiwa bado hai, kwamba wakifariki ubongo wao utumike kwenye utafiti. Majina hatupewi, tunapewa namba tu. Navihamishia kwenye barafu kavu upesi, maana kolesteroli ikikaa kwenye joto na hewa huanza kuoksidika yenyewe, na mimi natafuta oksisteroli, yaani kolesteroli iliyoongezewa oksijeni, zilizotengenezwa na ubongo wenyewe. Ukizembea hapa, jioni utakuwa umepima hewa ya maabara.

Saa 2

Kila kipande nakisaga ndani ya klorofomu na methanoli, sehemu mbili kwa moja. Ni mbinu ya Folch na wenzake ya mwaka 1957, na mpaka leo tunaitegemea. Natia kidogo BHT, kemikali ya kuzuia uoksidishaji, pamoja na kiasi ninachokijua cha kolesteroli na oksisteroli zenye haidrojeni nzito, ili mashine ipate cha kulinganishia. Baada ya maji ya chumvi na kuzungushwa kwa kasi, kila mrija unajitenga: methanoli na maji juu, klorofomu iliyobeba mafuta chini, na utando mweupe wa protini katikati.

Mafuta yenyewe ni mengi kuliko wageni wa maabara wanavyotarajia. Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini unashikilia karibu robo ya kolesteroli yote ya mwili. Sehemu kubwa imo kwenye mayelini, ala inayozungushiwa nyuzi za neva ili ishara zipite kwa kasi. Na haitoki mahali pengine. Kizuizi kati ya damu na ubongo hakiruhusu kolesteroli ya damu kupenya, hivyo ubongo hujitengenezea yake. Kwa mtu mzima kazi hiyo hufanywa zaidi na astrosaiti, seli zinazohudumia nyuroni (seli za neva); huipakia kwenye protini iitwayo ApoE na kuzifikishia nyuroni hizo.

Saa 4

Mirija inakaushwa kwa naitrojeni, shughuli ya kusubiri tu. Simu inaita, ni mama mkubwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Eti ubongo wote ni kolesteroli? Nimeletewa ujumbe kwamba hizi dawa zangu za kuipunguza zitanisahaulisha hata majina yenu. Niziache?"

Namwambia asiziache, na kama ana wasiwasi amwone daktari aliyemwandikia. Kisha namweleza: kolesteroli anayopimwa kliniki ni ya damu, na ubongo una akiba yake. Huenda hiyo ni sababu mojawapo ya majaribio makubwa ya kuwapa wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kusahau, dawa za statini kama zake kutopunguza kasi ya ugonjwa.

"Basi ya damu haihusiani na kusahau?"

Swali zuri, na jibu lake si jepesi. Haihusiani kwa njia ya kupenya. Lakini LDL, ile kolesteroli ya damu iitwayo mbaya, ikiwa juu miaka ya utu uzima wa kati huharibu mishipa, na ubongo unaishi kwa mishipa hiyo. Mwaka 2024 kamisheni ya jarida la Lancet kuhusu ugonjwa wa kusahau iliiongeza kwenye orodha ya vihatarishi vinavyoweza kudhibitiwa. Amenielewa, nadhani. Ameahidi kumjibu aliyemtumia ujumbe ule, na najua hatamjibu kwa upole.

Saa 7 mchana

Chakula, barua pepe, fomu za kuagiza kemikali. Tupite.

Saa 8

Saa ninayoipenda kuliko zote: hadubini. Chumba ni giza. Seli tumezitia filipini, dutu itokanayo na bakteria wa udongoni, ambayo hushikamana na kolesteroli huru na kung'aa buluu chini ya mwanga wa urujuanimno. Hufifia upesi mno, kwa hiyo unapiga picha kwanza, kushangaa baadaye.

Seli za kawaida zinaonyesha mstari mwembamba wa buluu pembezoni. Zenye hitilafu kwenye jeni ya NPC1 zimejaa madoa mazito karibu na kiini. Huo ndio ugonjwa wa Niemann-Pick aina C: kolesteroli imeingia, ikafika kwenye lisosomu, vifuko vya kumeng'enyea ndani ya seli, ikakwama. Seli inakuwa kama mwenye ghala aliyepoteza ufunguo, mzigo anao na njaa anayo. Mara nyingi ugonjwa huanza utotoni. Mtoto hushindwa kupeleka macho juu na chini, kisha huanza kuyumba, kisha maneno yanapotea. Mafundo ya protini ya tau, yaleyale ya Alzheimer, huonekana pia kwenye ubongo huo. Marekani iliidhinisha dawa mbili za kwanza za ugonjwa huu Septemba 2024.

Mwanafunzi wangu anauliza kama APOE4 nayo ingeonekana hivi. APOE4 ni toleo la jeni ya ApoE ambalo tangu 1993 linajulikana kuongeza hatari ya Alzheimer. Namkumbusha utafiti wa 2022: seli zinazotengeneza mayelini, zikiwa na APOE4, zilirundika kolesteroli ndani badala ya kuipeleka kwenye mayelini. Ukisaga ubongo mzima na kupima jumla, hulioni hilo. Hapo ndipo ninapogombana kidogo na mbinu yangu ya asubuhi, maana swali kubwa ni kolesteroli iko wapi, na mrija wa Folch haujibu wapi.

Saa 11 jioni

Spektrometa ya masi, mashine inayotambua molekuli kwa uzito wake, imetoa matokeo ya kwanza. Macho yangu yako kwenye kilele kimoja cha grafu: 24S-hidroksikolesteroli, mojawapo ya oksisteroli za ubongo. Nyuroni haziwezi kuivunja kolesteroli, kwa hiyo kimeng'enya (protini inayoendesha mabadiliko ya kemikali) kiitwacho CYP46A1 huibadilisha kuwa umbo hili, ambalo hupenya kizuizi na kwenda kumalizwa na ini. Kwa mtu mzima hutoka miligramu 6 hadi 7 hivi kwa siku.

Kwenye sampuli za panya wenye jeni ya Huntington, ugonjwa wa kurithi unaoua nyuroni, kilele kimeshuka. Mwanafunzi anafurahi: kolesteroli haitoki! Namzuia. Inawezekana nyuroni zenye kimeng'enya hicho zimepungua. Inawezekana ubongo unatengeneza kolesteroli kidogo tangu mwanzo, jambo ambalo limeshaonekana katika Huntington. Namba ni moja, maelezo ni mawili, na tiba zake hazifanani: anayehitaji kuongezewa kimeng'enya si yule anayehitaji kuongezewa kolesteroli.

Saa 12

Kabla ya kuondoka tunakubaliana kupima pia vitangulizi, molekuli ambazo ubongo hupitia ukitengeneza kolesteroli: lanosteroli, lathosteroli na desmosteroli, kutoka kwenye mirija hiyohiyo. Vikiwa vimeshuka, utengenezaji ndio uliopungua. Vikiwa vya kawaida, tutahesabu nyuroni kwenye vipande vya jirani. Mwanafunzi anaandika foleni ya mashine ya usiku, mimi nafunga mirija iliyobaki chini ya naitrojeni na kuirudisha kwenye friza.