Kumbukumbu ya mradi wangu: kivuli chalipishwa nauli, ploti yaelea ziwani

Mkusanyiko wangu wa hadithi za ajabu za Kisumu unasonga. Ya kivuli imekamilika, ya ploti iko katikati, na ile ya kiboko anayetafuta kitambulisho nimeiweka kando kwanza.

Ya kivuli imetokana na Luanda Magere, shujaa wa Waluo ambaye mkuki haukupenya mwili wake. Wengi husimulia jinsi alivyouawa kwa kuchomwa kivulini. Mimi hunasa pale kabla ya hapo: ameugua, mkewe anataka kumchanja chale za dawa, naye anamwambia achanje kivuli, asiguse ngozi. Mke anachanja, na damu inatoka. Yaani ajabu kubwa kama hiyo inajitokeza katika kazi ya kumuuguza mume, kazi ya kila nyumba. Nimeufuata mtindo huo mkusanyiko mzima: jambo moja tu liwe la ajabu, mengine yote yawe ya kweli hadi kwenye chenji. Franz Kafka naye, katika hadithi yake ya 1915, anamwamsha mtu akiwa amegeuka mdudu, na mtu huyo anahangaika kwamba treni ya kazini imemwacha.

Basi kivuli changu kinapanda matatu Kondele na kukaa kitini. Hakuna abiria anayeshangaa. Ubishi ni wa nauli, kati ya makanga na mama mwenye kivuli:

“Mama, kivuli chako kimekalia kiti cha mtu.”

“Mtoto wa kupakatwa si humtozi?”

“Haya, kipakate.”

Hapo nimeandika na kufuta sana. Mama anakipakata vipi? Mwishowe nimeacha mikono ifanye kazi: anateremsha mfuko wa omena sakafuni, anakunja leso mapajani, anafungua mikono na kungoja. Makanga naye anangoja, noti zikiwa zimekunjwa kati ya vidole. Sitaongeza neno hapo.

Hadithi ya ploti ndiyo inayonikosesha usingizi sasa. Anayeishi karibu na Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, anayajua magugumaji, mimea inayoelea majini: jioni unaacha maji wazi, upepo unageuka usiku, asubuhi ghuba yote ni kijani na mashua zimenaswa. Ukiyatazama kwa mbali utadhani ni malisho. Katika hadithi, dalali anayauza kwa ploti, futi hamsini kwa mia. Seveya, mpima ardhi, anakuja na kamba, anapiga bikoni za mipaka, na mwalimu mstaafu ananunua moja, anajenga nyumba ya mabati na kufuga kuku. Asubuhi anakunywa chai Dunga, baada ya siku kadhaa za upepo yuko upande wa Kendu Bay, katika Kaunti ya Homa Bay. Kaunti ya Kisumu inamdai kodi ya ardhi, ya Homa Bay pia inamdai. Analipa zote, risiti anazitia kwenye bahasha moja ya kaki.

Nampenda mwalimu huyu na sitaki msomaji amwone mjinga. Amepanga nyumba za watu maisha yake yote, na hatimiliki yenye jina lake ameitamani tangu ujana. Kwa hiyo nimempa ukurasa wa kuisoma hati hiyo polepole, namba kwa namba, huku sakafu ikipanda na kushuka.

Nilimsomea dada yangu rasimu. Alisikiliza hadi mwisho kisha akauliza, “Choo amechimba wapi?”

Swali hilo limefungua sura nzima. Uchimbaji wa choo hulipiwa kwa futi, na fundi wangu anafikia maji kabla jembe halijazama vizuri. Anadai alipwe futi zote hadi sakafu ya ziwa, kwa kuwa shimo lipo, hata kama hakulichimba yeye. Mwalimu alifundisha hesabu, kwa hiyo hatabishana kwa kelele: atatoa kamba ya seveya, aifunge jiwe, ampe fundi apime. Wiki hii naandika kamba hiyo inavyoteremka, na bei inavyopanda.