Bima ya familia Marekani: hesabu iliyotufanya tugawane kadi tatu

Novemba 2024 ofisi ya rasilimali watu kazini kwetu ilinipa karatasi yenye bei nne. Mimi peke yangu, dola 62 kila wiki mbili. Mimi na mwenza, 178. Mimi na watoto, 165. Familia nzima, 310. Nalipwa mara 26 kwa mwaka, kwa hiyo mstari wa mwisho ni dola 8,060, kabla mtu yeyote hajaumwa hata kichwa. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee hapa Dallas. Mume wangu anabeba abiria kwa gari letu, hana mwajiri wala bima ya kazini. Kwa pamoja tulitarajia kupata kama dola 58,000 mwaka 2025.

Mume wangu aliisoma karatasi, akaiweka mezani. "Mama Zawadi, mtu mmoja ni 62. Kwa nini watu wanne wawe 310? Hiyo si mara nne, ni mara tano."

Alikuwa mwalimu wa sekondari Morogoro. Kule mchango wa NHIF kwa mtumishi wa umma ni asilimia 6 ya mshahara, nusu anakatwa yeye, nusu anatoa mwajiri. Kadi yake ilinibeba mimi na watoto, na makato hayakubadilika kwa sababu familia imeongezeka, ilimradi wategemezi hawazidi watano. Kwa hiyo swali lake lilikuwa la haki kabisa, na nililihangaikia hadi nikapata jibu, maana bila jibu hilo nisingejua pa kuanzia.

Jibu lenyewe liko kwenye fedha ambayo mfanyakazi haioni. Shirika la utafiti la KFF huchunguza bei za bima za kazini kila mwaka. Kwa 2024, wastani wa bima ya mtu mmoja ulikuwa dola 8,951, na ya familia dola 25,572. Hiyo ni kama mara tatu, si mara tano. Lakini mfanyakazi kwa wastani alichangia dola 1,368 kwa bima ya peke yake na dola 6,296 kwa ya familia. Zilizobaki alilipa mwajiri. Bima yenyewe, basi, haijawa ghali mara tano. Ni mkono wa mwajiri unaofunguka kwa mfanyakazi na kufumba kidogo kwa jamaa zake.

Na mkono huo una sababu ya kufumba. Sheria ya afya ya 2010, ile watu wanayoiita Obamacare, inaitaka kampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi wa muda kamili iwape bima ambayo bei yake ni nafuu kwa mfanyakazi mwenyewe. Watoto ni lazima waruhusiwe kuingia hadi wafikishe miaka 26, lakini hakuna anayembana mwajiri awachangie. Mwenza hatajwi kabisa. Kampuni kubwa zenye kugombania wafanyakazi huchangia tu. Nyumba za wazee, ambako mishahara ni ya kubana, huweka fedha pale sheria inapotazama.

Kuna jambo lilimchekesha sana Baba Zawadi. Mfumo huu wa kulipia hospitali kabla ya kuugua una mizizi hapa hapa Dallas, na ulianza na walimu. Mwaka 1929 hospitali ya Baylor iliwapa walimu wa mji huu mpango wa kuchanga senti 50 kwa mwezi, na mwanachama akapata haki ya siku 21 za kulazwa. Ndipo ulipochipukia utaratibu wa bima wa Blue Cross. Kisha wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ilizuia mishahara kupanda, waajiri wakavutia watu kwa bima badala ya mshahara, na tangu hapo bima na kazi havijaachana.

Turudi mezani. Hizo 8,060 ni bei ya kuingia tu. Bima nyingi za hapa zina didaktibo, yaani kiasi unacholipa mwenyewe hospitalini kabla bima haijaanza kutoa chake, na baada ya hapo mnagawana bili hadi ufike kikomo cha mwaka. Kwa mpango wa familia kazini kwangu didaktibo ilikuwa dola 6,000 na kikomo dola 16,000. Kikomo hicho ni halali, maana sheria kwa mwaka 2025 iliruhusu hadi dola 18,400 kwa familia. Niliandika hesabu mbili tu. Mwaka wa heri, hakuna anayeugua zaidi ya mafua: 8,060, na uchunguzi wa kila mwaka na chanjo hatulipii kitu. Mwaka wa balaa: 8,060 na 16,000, jumla 24,060. Hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya kipato chetu chote. Tangu siku ile mtu akinitajia bima "ya bei rahisi" namuuliza kikomo chake ni kiasi gani.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja Mkenya tunayefanya naye zamu ya usiku, tunamwita Mama Brian. Aliniona na ile fomu akasema, "Dada, usiweke alama kwa familia kabla hujajua kila mtoto ana haki ya nini. Hapa familia si lazima iwe kwenye kadi moja."

Wazo hilo halikuwahi kunijia. Nyumbani kadi ni ya familia.

Tulianza na watoto. CHIP ni mpango wa serikali wa bima ya watoto, ulioanzishwa 1997 kwa familia ambazo kipato chao kimezidi kile cha Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, lakini bima ya kulipia inawaelemea. Hapa Texas ukomo wa kipato ni kama mara mbili ya mstari wa umaskini, na kwa familia ya watu wanne sisi tulikuwa ndani. Tulikuja kwa grini kadi za bahati nasibu, na tulishaambiwa na watu wengi kwamba mwenye grini kadi husubiri miaka mitano. Kwa watu wazima na Medicaid ndivyo ilivyo, na Texas hata hivyo haijaipanua Medicaid kwa watu wazima kama sisi. Lakini Texas ni miongoni mwa majimbo yanayowapokea watoto wenye makazi halali bila kuwasubirisha. Ada ya kujiandikisha kwetu ilikuwa dola 50 kwa mwaka, kwa watoto wote wawili, meno yakiwemo, na malipo ya dirishani ni madogo. Ninawaambia hili Watanzania wenzangu kila ninapoweza, kwa sababu wengi wanakatwa mamia ya dola kwa watoto ambao wangeweza kuwa CHIP.

Akabaki Baba Zawadi. Hapo ndipo palikuwa na kazi. Kwenye soko la bima la serikali, HealthCare.gov, serikali hutoa ruzuku inayopunguza bei kulingana na kipato. Ofisi yetu iliniambia hana haki ya ruzuku, kwa kuwa mke wake ana bima kazini na yeye anaruhusiwa kuingia. Kwa miaka mingi walikuwa sahihi: kipimo kilikuwa bei ya mfanyakazi peke yake. Ikiwa hiyo ilikuwa nafuu, basi familia nzima ilihesabiwa kuwa imepata nafuu, hata kama kuwaongeza kungewafilisi. Kanuni ilibadilishwa Oktoba 2022, ikaanza kutumika kwa bima za 2023. Sasa jamaa wa mfanyakazi hupimwa kwa bei ya familia. Kwa 2025, ikiwa bei hiyo ilizidi asilimia 9.02 ya kipato cha kaya, wao waliruhusiwa ruzuku.

Asilimia 9.02 ya 58,000 ni dola 5,231 na senti kadhaa. Bei ya familia kazini ni 8,060. Amevuka. Mimi sikuvuka, maana kwangu kipimo ni zile 62, kwa hiyo nilibaki na kadi ya kazini.

Soko lina fomu ya ukurasa mmoja ambayo mwajiri hujaza: bei ya chini kabisa ya mfanyakazi ni ipi, ya familia ni ipi. Niliipeleka ofisini bila kubishana na mtu kuhusu kanuni, nikaomba wajaze namba zao tu. Walijaza. Msaidizi wa bure anayelipwa na serikali kuongoza watu kwenye soko hilo alitukalisha, akaingiza kila kitu, na mpango wa daraja la fedha (silver) kwa mume wangu ukatoka dola 71 kwa mwezi. Daraja la fedha lina siri yake: kwa kipato kama chetu, ukichagua hilo na si la shaba (bronze), didaktibo na kikomo navyo hushushwa. Lake lilikuwa na didaktibo ya dola 500 na kikomo cha 3,000. Shaba ingekuwa karibu bure kwa mwezi, na watu wengi huishia hapo.

Jumla mpya: mimi 1,612, watoto 50, Baba Zawadi 852. Dola 2,514 badala ya 8,060. Makato ya kazini hukatwa kabla ya kodi, kwa hiyo kuyapunguza kuliniongezea kodi kidogo. Kwa ile asilimia 7.65 ya hifadhi ya jamii na Medicare (bima ya wazee) pekee ni karibu dola 490, nami niliitoa kwenye faida. Mwaka wa balaa, sisi wawili tukifika vikomo vyetu (changu ni 8,000), ungekuwa 13,514 na vijisenti vya watoto.

Usumbufu upo. Kadi tatu ni mitandao mitatu ya madaktari. Daktari wa watoto hapokei kadi yangu, na mpango wa mume wangu unataka apitie kwanza kwa daktari wake wa kawaida. Nimezoea kupiga simu kliniki na kuuliza kwa jina kamili la mpango, si jina la kampuni tu, kwa sababu kampuni moja huwa na mipango mingi. Tena ruzuku inategemea kipato ulichokadiria. Ukipata zaidi bila kuripoti, utarudisha wakati wa kodi. Kwa dereva wa kujitegemea kinachohesabiwa ni kinachobaki baada ya gharama za gari, na Baba Zawadi hujumlisha kila robo mwaka anapolipa kodi yake ya makadirio.

Aprili alishikwa na jiwe la figo usiku. Nilimpeleka mwenyewe kwa gari. Wiki chache baadaye ikaja karatasi ya kampuni ya bima iliyoandikwa kwamba si bili. Ilikuwa na namba tatu: hospitali imedai dola 11,480, bei waliyokubaliana na bima ni 3,960, sehemu yako ni 1,192. Ya kwanza usiitazame, inatisha bure. Ya tatu nilikokotoa mwenyewe: didaktibo 500, kisha asilimia 20 ya 3,460 zilizobaki. Ikalingana. Bili ya hospitali ilipokuja na namba hiyo hiyo, niliomba kulipa kwa awamu bila riba, wakakubali.

Kisha daktari aliyesoma picha za CT, ambaye hakuwa kwenye mtandao wa madaktari wa bima yake, akaleta bili yake ya dola 640. Tangu Januari 1, 2022 sheria inakataza mgonjwa wa dharura kudaiwa hivyo. Nilipiga simu, nikataja sheria na tarehe ya matibabu, bili ikarekebishwa. Gari la wagonjwa la barabarani sheria hiyo hailigusi, nami nilifurahi kwamba nilikuwa na ufunguo wa gari mkononi.

Sasa ni 2026 inayotusumbua. Ruzuku nono tuliyoikuta ilitokana na sheria ya 2021, ikaongezewa muda 2022 hadi mwisho wa 2025 tu. Bei ya Baba Zawadi kwa 2026 imetoka dola 268 kwa mwezi, kutoka 71. Kazini, mimi peke yangu ni 66, mimi na mwenza 190. Nikimbakiza sokoni, sisi wawili ni dola 4,932 kwa mwaka. Nikimhamishia kwenye kadi yangu, ni 4,940. Tofauti ya dola nane. Lakini kikomo chake sokoni bado ni kidogo kuliko nusu ya cha kazini, na figo yake tunaijua. Tumembakiza sokoni, watoto wapo CHIP, na mimi nimeweka alama kwenye mstari wa kwanza wa fomu.